Ninaanza ndondi na kujilinda hapa Lubumbashi: sparingi ianze lini na kwa namna gani?

Mwanafunzi wa Katuba

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Katuba, na tangu kiangazi kilipoanza nimekuwa nikifanya mazoezi ya ndondi jioni pamoja na kikundi kimoja cha mtaani kwetu. Sina nia ya kushindana ulingoni. Nilijiunga kwa sababu mara nyingi ninarudi nyumbani giza likiwa limekwisha kuingia na umeme umekatika, nami nimechoka kushtuka kila ninaposikia hatua za mtu nyuma yangu.

Hadi sasa tumekimbia, tumeruka kamba, tumepiga begi na kurusha ngumi hewani. Wiki hii kocha amenitangazia kwamba Jumamosi nitaanza sparingi, yaani pambano la mazoezi na mwenza, na kwamba nitapambana na kijana mwenye mazoezi ya miaka kadhaa, ambaye ananizidi uzito kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Nilipouliza kwa nini nisianze na mtu wa kimo changu, nilijibiwa kwamba lazima nizoee kupigwa, kwa maana mhuni wa barabarani hachagui uzito. Jibu hilo nimelielewa, lakini moyo wangu haujatulia. Glavu tunazotumia ni za kikundi, na kinga ya meno sina.

Ninaomba ushauri wa watu waliopitia njia hii. Je, ni kawaida mtu kuingizwa kwenye sparingi mapema hivi? Kwa mshahara wa mwalimu, ninunue kifaa gani kwanza? Na je, sparingi kweli inamfundisha mtu kujilinda barabarani, au ni jambo jingine kabisa?

Kocha wa Kamalondo

Dada mwalimu, karibu katika mchezo huu, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya Jumamosi. Jibu langu la kwanza ni fupi: bila kinga ya meno usiingie, hata kwa raundi moja, hata kama mwenzako ameahidi kukugusa tu. Kugongana vichwa au kiwiko kilichopotea njia hakutegemei ahadi ya mtu.

Sasa niseme kwa urefu kuhusu lile la kuzoea kupigwa. Ni kweli kwamba siku moja lazima ujue ngumi ikoje inapofika usoni, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuguswa huganda anapoguswa mara ya kwanza. Lakini anayepigwa kwa nguvu kabla hajajifunza kuiona ngumi inavyokuja hazoei kupigwa, bali huzoea kufumba macho, kugeuza uso pembeni na kurudi nyuma moja kwa moja, na hayo matatu ndiyo makosa ambayo sisi makocha huhangaika nayo kwa miezi mingi baadaye. Mwili hujifunza haraka sana ukiwa na hofu, na hujifunza vibaya. Kwa hiyo swali la msingi ni kama unajua tayari kufanya mambo machache bila kuyafikiria, wala si umeanza mazoezi tangu lini.

Jipime mwenyewe nyumbani. Simama mguu mmoja mbele, kisigino cha nyuma kikiwa kimeinuka kidogo, kidevu kimeshuka kuelekea kifuani, viwiko viko karibu na mbavu, na mikono iko usawa wa mashavu. Rusha ngumi ya mkono wa mbele polepole, kisha angalia mkono huo unarudi wapi. Kwa wanaoanza, karibu wote, mkono hutoka shavuni na kurudi kifuani, na katika nafasi hiyo ndogo ndipo ngumi ya mwenzako itakapopita. Angalia pia mkono mwingine, ule ambao haupigi, kwa sababu mara nyingi huo ndio unaoanguka bila mwenyewe kujua. Kisha tembea mbele, nyuma na pembeni bila miguu kupishana. Ukiweza kufanya hivyo kwa raundi tatu za dakika mbili mbili, mikono ikibaki juu hadi mwisho, uko karibu kuwa tayari kukaa mbele ya mtu.

Hata hapo, sparingi haianzi na kupigana. Katika kikundi chetu tunaanza na mchezo wa kugusana mabega kwa viganja vilivyo wazi, ambao unafundisha umbali kuliko maneno yangu yote. Halafu mmoja anarusha ngumi ya mbele peke yake, kwa mwendo wa taratibu, na mwingine hafanyi lolote ila kuzuia na kukwepa, kisha wanabadilishana. Baada ya hapo wote wawili wanatumia ngumi ya mbele tu. Baadaye tunaruhusu mwili lakini si kichwa. Mapambano huru ya nguvu ndogo huja mwishoni kabisa, na nguvu ndogo maana yake ni kwamba aliyepigwa anaweza kuendelea na sentensi aliyokuwa akiisema. Hatua hizo zinaweza kuchukua wiki nyingi, na hakuna anayepoteza chochote kwa kuzipitia.

Jambo ambalo watu hawalitilii maanani ni pumzi. Anayeanza huziba pumzi kuanzia kengele inapolia, na ndiyo maana anachoka katika dakika ya kwanza hata kama anaweza kukimbia kutoka Kamalondo hadi Ruashi. Toa pumzi kwa sauti ndogo kila unapopiga, na pia kila unapopigwa. Macho nayo yasifuate glavu. Yaelekeze kwenye sehemu ya juu ya kifua cha mwenzako, kwa sababu bega huanza kusogea kabla ya ngumi.

Kuhusu kijana anayekuzidi uzito, huenda nikakushangaza: mwenza bora wa kwanza si mwanafunzi mwenzako aliyeanza juzi. Wawili wanaoanza, wote wakiwa na hofu na hakuna anayejua kupunguza nguvu, hugeuza zoezi kuwa ugomvi kabla ya nusu ya raundi. Mzoefu mwenye roho ya utulivu ndiye anayefaa, hata akiwa mzito. Basi muulize kocha wako, kwa heshima na mbele ya kijana mwenyewe, ni kazi gani amempa siku hiyo. Akisema kazi yake ni kuzuia huku akikurushia ngumi za taratibu ili ujifunze kuziona, na kocha mwenyewe atasimama pale akiwatazama, kubali. Akisema kazi yake ni kukupima, kataa, na mtu asikuambie kwamba kukataa ni woga.

Vifaa: kwanza kinga ya meno, ile inayolainishwa kwa maji ya moto na kuumwa ili ichukue umbo la meno yako, na ambayo haiazimwi kwa mtu yeyote. Pili bandeji za mikono za takriban mita nne na nusu. Glavu zako mwenyewe zije baadaye. Kofia ya kinga si mbaya, kwani hupunguza michubuko na kuchanika kwa ngozi, lakini isikupe ujasiri wa uongo, kwa sababu haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwaka 2013 shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa liliziondoa kofia hizo kwa wanaume wa daraja la juu, na katika Olimpiki ya Rio ya 2016 wanaume walipigana vichwa wazi ilhali wanawake waliendelea kuzivaa. Sitaki ufuate mfano wa mabingwa hao. Ninachotaka ujue ni kwamba kinachokilinda kichwa chako ni mwenza anayejizuia na kocha anayesimamisha zoezi kwa wakati.

Judoka wa Kadutu

Dada, ninakuandikia kutoka Bukavu, na ninaunga mkono yote aliyoyasema kocha. Mimi ni mtu wa judo, nami nitaongeza lile ambalo ndondi haina: kuanguka.

Tangu Jigoro Kano alipoanzisha judo huko Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi anajifunza kuanguka kabla ya kumwangusha mwingine, na sababu yake inaonekana wazi ukifikiria barabara zetu za lami na mawe. Mtu aliyesukumwa anaweza kuumizwa zaidi na ardhi kuliko na mkono uliomsukuma. Anayeanguka bila mafunzo hunyosha mkono nyuma ili ajishike, na hapo kifundo au kiwiko huvunjika. Au hukaza shingo vibaya, na kisogo kikatangulia kugonga chini. Zoezi lenyewe unaweza kulianza leo juu ya godoro. Chuchumaa, leta kidevu kifuani kana kwamba unatazama fundo la mkanda wako, jiviringe kinyumenyume kwa mgongo uliopinda, na wakati mgongo unafika chini piga godoro kwa mikono yote miwili, viganja vikielekea chini, umbali mdogo kutoka kwenye mbavu, huku ukitoa pumzi. Kichwa kisiguse godoro hata kidogo. Rudia mpaka kidevu kiwe kinashuka chenyewe.

Mapambano ya mazoezi katika judo tunayaita randori, na ndani yake kuna sheria moja ambayo ningependa kila mchezo uwe nayo: ukibanwa, unapiga mara mbili kwa kiganja juu ya mwenzako au juu ya tatami, yaani mkeka wa mazoezi, naye anaachia papo hapo, bila kuuliza. Kabali iliyokaa vizuri kwenye mishipa ya shingo inaweza kumzimisha mtu kwa takriban sekunde kumi, kwa hiyo hakuna muda wa kiburi. Piga mapema. Mzoefu hupiga mapema kuliko mgeni, kwa sababu anajua kinachofuata.

Ninalo pia jambo linaloniuma. Hapa Bukavu ndipo walipozaliwa Popole Misenga na Yolande Mabika, ambao vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto, wakajifunza judo Kinshasa, na mwaka 2013 walipokwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia wakabaki huko na kuomba hifadhi. Mwaka 2016 wote wawili waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, na Popole alishinda pambano lake la kwanza. Wamesimulia hadharani jinsi walivyokuwa wakiadhibiwa na makocha kila waliposhindwa, hadi kufungiwa mahali. Bado wapo miongoni mwetu watu wanaoamini kwamba ukatili ndio unaojenga mpiganaji. Vijana hawa wawili walifika Olimpiki baada ya kuukimbia ukatili huo.

Mwisho, usafi. Kata kucha, osha miguu kabla ya kupanda tatami, vaa ndala ukitoka, na mwenye choa au kidonda kinachotoa maji akae nje mpaka apone. Haya husahauliwa kwa sababu hayavutii, lakini nimeona kikundi kizima kikijikuna kwa ajili ya mtu mmoja aliyeona haya kusema.

Muuguzi wa Kampemba

Nimeyasoma yote, na ninaomba kuzungumza kama mtu wa hospitali, kwa sababu hapa kwetu kuna hatari moja ambayo walimu wa ndondi wanaofuata maelezo ya nchi za baridi hawaizungumzii.

Hatari hiyo ni malaria. Malaria hufanya wengu uvimbe, na wengu uko upande wa kushoto, chini ya mbavu, mahali ambapo ngumi ya mwili au teke hufika kwa urahisi. Wengu uliovimba unaweza kupasuka kwa pigo ambalo siku nyingine lisingekuwa kitu, na mtu akavuja damu ndani ya tumbo bila jeraha lolote kuonekana nje. Kwa hiyo mtu aliyeugua malaria asirudi kwenye sparingi siku ile homa inapokoma. Apumzike, aanze na mazoezi mepesi yasiyo na mapigo, na kabla ya kupigwa tumboni tena apimwe na daktari au muuguzi anayeweza kumpapasa na kumwambia kama wengu umerudi mahali pake. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto baada ya pigo, hasa yakipanda hadi bega la kushoto, pamoja na kizunguzungu na jasho baridi, ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, wala si la kusubiri asubuhi.

Pili ni mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie ili awe ameupata, wengi hawazimii. Tazameni aliyepigwa kichwani anayeuliza swali lilelile mara mbili, anayesahau raundi ilikuwa ya ngapi, anayelalamika kichwa kuuma, kichefuchefu, mwanga kumsumbua, au ambaye ghafla amekuwa mzito wa kujibu. Huyo amemaliza mazoezi ya siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Apumzike saa 24 hadi 48 za mwanzo, arudi taratibu kwenye shughuli zake za kawaida, na asiguswe kichwa mpaka dalili zote ziwe zimeondoka na mtu wa afya amemruhusu. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ni hatari kuliko la kwanza. Kutapika kunakorudia, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni za macho kutolingana, au usingizi ambao mtu haamshiki, yote hayo ni hospitali bila majadiliano.

Mengine nitayapitia haraka. Damu ikitoka, zoezi linasimama mpaka jeraha lifunikwe na glavu kufutwa, kwa sababu homa ya ini ya aina ya B huambukizwa kwa damu. Mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, asiingie kwenye mazoezi mazito bila ushauri wa daktari wake, kwani kiu, baridi na uchovu mkubwa vinaweza kumletea maumivu makali, na asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi baridi hiyo mnaijua. Na jamani, bukari, yaani ugali, iliwe saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, si wakati wa kufunga bandeji.

Kijana wa Ruashi

Ninawaheshimu wakubwa wangu waliotangulia, lakini ninaona kama mnamtisha dada bila sababu. Mimi nilifundishwa kwa kupigwa sana, na ndiyo maana leo sitetereki. Mtu akifundishwa kwa kugusana mabega, siku atakapokutana na mhuni wa kweli atafanya nini? Maisha ya barabarani hayana nguvu ndogo wala hatua za taratibu.

Kocha wa Kamalondo

Mdogo wangu, sina shaka na ushupavu wako. Lakini unajihesabu wewe uliyebaki, na huwahesabu wale walioanza pamoja nawe wakaacha baada ya wiki chache wakiwa na pua zilizovunjika. Baadhi yao huenda wangekuwa hodari kuliko wewe. Mimi nimewaona wengi wakiondoka hivyo, na wengi walikuwa wasichana.

Tena, sparingi kali ina gharama hata kwa bingwa. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika Kinshasa tarehe 25 Septemba 1974, lakini siku chache kabla yake Foreman alichanika juu ya jicho akiwa katika sparingi, na dunia nzima ikasubiri hadi tarehe 30 Oktoba. Huyo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwenye umri wa miaka 25, akiwa na makocha na vifaa vyote alivyohitaji. Na siku ilipofika, Ali alimshinda katika raundi ya nane baada ya kumwacha apige na kupiga mpaka nguvu zikamwishia. Ali aliweza kustahimili pale kwenye kamba kwa sababu alijua kujifunika, kulegea na kupumua chini ya mapigo, na huo ni ufundi ambao mtu huupata akiwa na akili iliyotulia.

Sikatai kwamba nguvu iongezwe kadiri mtu anavyokomaa. Iongezwe kwa makubaliano, mara chache, na kati ya watu wanaolingana.

Karateka wa Bel-Air

Nitajibu swali la tatu la dada, kwa sababu naona limepita pembeni, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi.

Sparingi inakupa vitu vitatu vinavyofaa barabarani: unajua umbali ambao mkono wa mtu unaweza kukufikia, hugandi unapoguswa, na unaweza kufikiri huku moyo ukidunda. Katika karate tunavijenga kwa ngazi, kuanzia mashambulizi matano yaliyotangazwa, kisha shambulizi moja, hadi kumite huru, yaani pambano lisilopangwa. Lakini sparingi ina mambo ambayo barabara haina. Ina mtu mmoja mbele yako, ina mwanga, ina sehemu tambarare, ina mwanzo unaojulikana na mwisho wenye kengele, na wote wawili wamekubali kuwapo pale. Anayekuvizia usiku hajakubaliana nawe lolote, huenda ana wenzake wawili nyuma ya ukuta, na huenda ana kisu au bunduki ambayo hutaiona mpaka umechelewa.

Kwa hiyo lengo la kujilinda ni kufika nyumbani, na hilo linabadilisha kila kitu. Ulingoni ukiliacha pambano umeshindwa. Barabarani ukipata nafasi ya kutoka umeshinda. Anayetaka simu apewe simu. Unaweza kuitupa upande mmoja na kukimbia upande mwingine, kuelekea penye watu na taa. Dhidi ya bunduki hakuna mbinu ninayoweza kumfundisha mtu kwa dhamiri safi, na dhidi ya kisu hata wataalamu hukatwa. Wanaoonyesha jinsi ya kunyang'anya kisu kwa mkono mtupu huonyesha na mwenzao anayeshirikiana nao, anayesukuma kisu mara moja na kuuacha mkono hewani. Mshambuliaji halisi huchoma na kurudisha, tena na tena.

Pigana pale ambapo hakuna cha kumpa kitakachomtosha: anapotaka kukuburuta mahali pengine, au anapoutaka mwili wako. Hapo fanya kwa nguvu zote na kwa kelele zote. Akikushika kifundo cha mkono, usivute kuelekea kwenye vidole vyake vinne. Zungusha mkono na uvute kwa ghafla kupitia upande wa kidole gumba, ambapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, na wakati huohuo mpige teke la ugoko au kanyaga mguu wake kwa kisigino. Kiganja kilichofunguka kikielekezwa kwenye pua kinamfaa asiyezoea kukunja ngumi, kwa sababu ngumi iliyopiga fuvu bila glavu na bandeji huvunja vidole vya mpigaji. Kisha ondoka, usibaki kuongeza. Sheria inamtetea anayejilinda dhidi ya hatari iliyopo mbele yake kwa kiasi kinacholingana nayo. Aliyeendelea kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka hawezi tena kudai kwamba alikuwa anajilinda.

Lingine ni sauti. Fanya mazoezi ya kusema kwa nguvu "Simama hapo!" mikono ikiwa imenyoshwa mbele na viganja wazi. Wanafunzi wangu wanawake, wengi wao, huona haya kupaza sauti kuliko kupiga, kwa sababu wamelelewa kutofanya hivyo. Tunalirudia zoezi hilo mpaka haya iishe. Na kabla ya yote hayo, dada, kama unaweza kupanga kurudi pamoja na walimu wenzako wawili watatu, au kushuka kwenye taksibasi kituo chenye maduka hata kama kiko mbali kidogo, fanya hivyo hata siku utakapokuwa hodari.

Mwanafunzi wa Katuba

Ninawashukuru sana, ndugu zangu. Nimezungumza na kocha wangu kama nilivyoshauriwa, mbele ya kijana mwenyewe. Mwanzoni hakufurahi, lakini kijana ndiye aliyesema kwamba hata yeye hakuwa anajua apige kwa nguvu gani. Tumekubaliana kwamba Jumamosi yeye atarusha ngumi ya mbele tu, polepole, nami nitazuia, kisha tutabadilishana, raundi za dakika moja moja, na kocha atasimama kati yetu. Kinga ya meno nimeinunua. Muuguzi, ninakushukuru zaidi kwa habari ya wengu, maana niliugua malaria muda mfupi tu kabla ya kujiunga na hakuna aliyeniuliza. Nitapita kituo cha afya kabla ya Jumamosi, na wakisema bado, nitatazama tu.

Nina swali moja dogo. Sokoni nimeona glavu zilizotumika kwa bei ninayoimudu, zimeandikwa aunsi 12. Nyingine za 16 ni ghali zaidi. Mimi ni mwepesi, mikono yangu ni midogo. Je, zile za 12 zinatosha?

Kocha wa Kamalondo

Kwa begi zinatosha, kwa sparingi hapana. Kwa mtu mzima, sparingi ni aunsi 16, ambazo ni takriban gramu 450 kila moja, na mwepesi kama wewe anaweza kutumia 14. Sifongo nene ni ya kumhurumia mwenzako zaidi kuliko wewe, naye ana haki ya kukutaka uivae kama ulivyo na haki ya kumtaka yeye.

Ukinunua zilizotumika, usitazame ngozi ya nje kwanza. Ingiza mkono, kunja ngumi, kisha sukuma vifundo vya vidole dhidi ya kiganja cha mkono mwingine. Ukihisi mifupa yako kupitia sifongo, glavu hiyo imekufa, hata kama inang'aa. Hakikisha kidole gumba kimeshonewa kwenye mwili wa glavu, kwa sababu kilichoachwa huru huingia jichoni mwa mwenzako au kuvunjika. Kitambaa cha ndani kisiwe kimechanika, na mkanda wa kifundo ushike kweli.

Bandeji uifunge hivi: kitanzi kwenye kidole gumba, zunguka kifundo mara tatu, panda kwenye vifundo vya vidole mara tatu, pita katikati ya vidole kimoja kimoja ukirudi chini kila mara, kisha umalizie kifundoni. Fungua vidole ukiwa unafunga, usivikunje, na ukihisi vinakufa ganzi fungua uanze upya. Baada ya mazoezi acha glavu wazi mahali penye upepo zikiwa na karatasi za gazeti ndani, usizifungie kwenye mfuko, na fua bandeji kila mara unapozitumia. Nunua jozi mbili, kwa sababu kuanzia Novemba mvua zikishaanza, moja haitakauka hadi jioni inayofuata.